Barafu ya Shija

Mabula alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele, akasema, "Dada, mjomba Shija ametutoka." Ungo uliniponyoka, mchele ukamwagika sakafuni, na kuku wa jirani, asiye na adabu wala huruma, akaingia ndani akaanza kula. "Dada, upo?" Nikasema nipo. "Mama anasema usije kama mgeni. Uje na kanga zako, ulale na watoto wa nyumba." Nikasema sawa, nikakata simu, nikamfukuza yule kuku kwa tusi ambalo mjane wa Kilutheri wa umri wangu hapaswi hata kulijua. Halafu nikakaa chini palepale penye mchele, nikalia.

Mimi si Msukuma. Ni Mhaya wa kutoka ng'ambo ya ziwa, jina langu Kokushubila, ila hospitalini walilikata likabaki Sista Koku. Mabula hakuzaliwa na mama yangu, na Shija hakuwa kaka wa mama yangu. Lakini ni kweli kwamba Mabula ni mdogo wangu na Shija alikuwa mjomba wangu, na mambo hayo yote mawili yalifanyika mwaka mmoja, mwaka ambao niliishi na hofu asubuhi hadi jioni kama mtu anavyoishi na jino bovu. Wajukuu huniuliza, bibi, ulikuwa muuguzi, uliogopa damu? Mimi huwajibu kwamba damu yenyewe sikuiogopa. Niliogopa yaliyomo ndani yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa Mwanza, viwanda vya minofu ya sangara vimeota ufukweni kama uyoga, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabakiziwa mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga na kushukuru. Na Ukimwi ulikuwa umekaa katikati yetu. Kwetu Kagera ulipiga hodi kabla ya kwa wengine, kwa hiyo Mhaya akikohoa tu ndani ya basi watu walisogea mbali naye. Mimi nilikuwa nimehamishiwa tiata, ndivyo tulivyokiita chumba cha upasuaji, na mwanzoni mwa mwaka ule sindano iliyotoka kwa mgonjwa ilinichoma kidole. Niliosha, nikabana, nikaosha tena. Mgonjwa yule alikufa baadaye, wala hakuna aliyejua kwa nini. Kipimo kilikuwepo maabara, hatua chache kutoka pale nilipokuwa nikinywa chai kila siku. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Chumba chetu cha chai kilikuwa nyuma ya tiata, kati ya stoo ya mashuka na bafu lisilo na maji, dirisha lake likitazama ziwa. Tulikuwa na meza moja yenye mguu mbovu, birika la bati, na sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha. Msimu wa senene nilileta senene wangu waliokaangwa vizuri na kitunguu, na mtu wetu wa dawa ya usingizi, Msukuma mtu mzima tuliyemwita Mzee Nusukaputi, alikuwa akiniuliza, "Koku, leo tena panzi? Nyie kweli mlikosa ng'ombe?" Huku anauliza, mkono wake uko kwenye sahani. Ndani ya chumba hicho ndipo nilipomsikia daktari wetu akimzungumzia Mabula kwa mara ya kwanza. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache aliyekunywa chai bila sukari, na siku ile aliisahau mpaka ikapoa.

"Si saratani," alisema. "Ni fundo la mishipa ya damu tupu, limeota nyuma ya pua. Huwapata wavulana wakianza kubalehe. Tatizo lake ni moja. Ukilichokoza, linamwaga."

"Linamwaga kiasi gani?" akauliza Mzee Nusukaputi.

"Kiasi cha kumaliza mtu mezani."

Mzee aliacha kutafuna. Daktari akasema huko kijana alikotoka, mtu mmoja alidhani ni kinyama cha kawaida cha pua, akakata kipande. Mama mtu alimleta mtoto kwenye gari la pamba, amemshindilia kanga puani, kanga yenyewe imelowa yote. Tangu hapo pua ilifumuka yenyewe kila ilipotaka. "Tukiliacha, ipo siku litammaliza usingizini. Tukiligusa bila kujipanga, litammaliza mikononi mwetu." Kisha akaupanga mpango wake juu ya meza, sukari ikiwa kichwa na kijiko kikiwa shingo. Kwanza angefungua shingo aufunge mshipa unaolisha lile fundo. Mzee angeinua kichwa cha kijana na kuishusha presha yake kidogo, kidogo tu, damu isisukumwe kwa nguvu. Halafu daktari angeingia, achomoe upesi, ashindilie gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zenye dawa ya kubana mishipa. Na damu ya kuongeza iwe imening'inia tayari kabla hajashika kisu.

"Na Koku atapima," akasema.

"Nipime nini, daktari?"

"Damu. Nataka kujua amepoteza ngapi kila ninapouliza."

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Gozi kavu ina uzito unaojulikana. Ikilowa unaiweka kwenye mizani, na uzito uliozidi ndio damu. Macho hayaaminiki: mgeni akiona doa sakafuni atapiga kelele kwamba mtu kaisha, na mzoefu ataona dimbwi aseme bado. Tulitumia mizani ya kupimia sukari jikoni. Niliifuta kwa spiriti mpaka rangi ikaanza kubanduka, na kila nilipoifuta nilijiona nikitaja namba ambayo daktari hataki kuisikia.

Mabula mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shavu moja limevimba, anaongea kwa puani kama mtu mwenye mafua yasiyoisha. Alikuwa na woga wa kimyakimya. Alilala amekaa, kwa sababu akilala chali alihisi ladha ya damu kooni. Ndugu zake walipiga kambi barazani nyuma ya wodi: Mama Mabula, shangazi mmoja mwenye ulimi, wajomba, binamu, na Shija. Shija alikuwa mdogo wake Mama Mabula, akifanya kazi kiwanda cha minofu, mpanga samaki kwenye barafu. Kila jioni alikuja na furushi la mapanki na sufuria ya mchicha, harufu ya samaki ikimtangulia koridoni. "Sista Koku, shikamoo," alinisalimu, na mimi nilikuwa mdogo kwake. "Shikamoo ya nini, mzee mzima?" "Naanza kuzoea. Nikija kukuposa nitakuwa nawaamkia wazazi wako, si heri ulimi ujifunze mapema?" Barazani walicheka. Mama Mabula alisema, "Shija, Wahaya hawali mapanki, wanataka ndizi." Naye akajibu, "Ndizi nitapanda." Mimi nilijifanya kukasirika, lakini jioni asipotokea nilizunguka barazani nikiuliza mambo yasiyo na maana. Nilimpenda. Hayo nayasema leo waziwazi kwa kuwa mume wangu amekwisha kufa, na Shija naye.

Daktari alitaka ndugu watoe damu. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Niliwaeleza kwamba damu hupimwa kwanza, na walipolisikia neno kupimwa kila mmoja akapata ugonjwa wake: huyu ana kizunguzungu, yule katoka kuugua malaria, mwingine ng'ombe wake wamebaki peke yao. Mama Mabula alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, lakini kundi lake la damu halikulingana na la mwanawe. Aliondoka maabara anatembea kama aliyepigwa. Shija akafuata, akafaa, akatoa, akarudi barazani akaanza kuwataja ndugu zake kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. "Fulani bin fulani, amefariki kwa kuogopa sindano. Mazishi saa kumi." Watu wakacheka kwa aibu, wakaenda. Ilipatikana mifuko ya kutosha, na daktari akapanga siku.

Halafu umeme ukakatika. Mgao ule tuliuzoea, ila safari hii jenereta nalo halikuwa na dizeli, na friji ya damu ikaanza kupata joto. Deo wa maabara, kijana mpole, alikuwa anakimbia huku na huko anauliza kila mtu. Shija aliposikia hakuuliza mtu. Alitoka, akarudi na kreti ya kiwandani begani, imejaa barafu, maji yanamchuruzika mgongoni. Nilikuwepo. Nilimwona akiipanga mifuko ile kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kwa heshima, kama alivyofundishwa kupanga minofu ya kwenda Ulaya: barafu chini, mfuko, barafu juu, kisha chumvi ya mawe kidogo ili barafu isiyeyuke upesi. "Hapa hata wiki haiozi," alisema. Deo alimshukuru mpaka akataka kumshika miguu. Mimi pia nilimshukuru. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba damu si samaki.

Kesho yake mchana pua ya Mabula ikafumuka. Ilitoka puani na mdomoni, beseni likajaa madonge, daktari akashindilia gozi mbele na nyuma mpaka uso wa mtoto ukawa haueleweki. "Hatusubiri tena," alisema. "Leteni damu, tunaingia." Deo akafungua kreti. Damu nzima ukiiacha itulie, wekundu hukaa chini na maji ya manjano yakabaki juu. Ile ilikuwa imeganda kama mawe, na ilipoyeyuka ikawa nyekundu yote, angavu, kama juisi ya rosela. Chumvi ilikuwa imeizidisha barafu ubaridi, na chembe zote zilikuwa zimepasuka. Deo aliushika mfuko kwenye mwanga wa dirisha. "Imekufa," akasema. "Tukimpa hii tunamuua." Shija alikuwa mlangoni. Alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa mikono ile ile.

Waliotoa walikuwa bado hawajarudisha nguvu, na waliobaki hawakulingana. Nilitoka barazani kuwaambia wamtafute ndugu mwingine, popote, haraka. Mama Mabula alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Sista," akasema, "wewe umeshatoa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama kuna maji mtungini. Lakini shangazi mwenye ulimi akaguna, "Wa Bukoba huyo. Damu yake ya nini? Mnataka kumwua mtoto mara mbili?"

Mawe! Ndivyo Mhaya humwita mama yake akishtuka. Nilihisi joto likinipanda kutoka miguuni. Nilitaka kumrarua. Na wakati huohuo, Mungu wangu, nilikuwa nawaza kwamba huenda yule shangazi anasema kweli, kwamba kile kidole changu kinajua nisichokijua. Kundi langu nilikuwa nalijua tangu chuoni, ni lile linalofaa kwa watu wote. Ningeweza kusema silijui. Badala yake nikamwambia shangazi, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, "Nikiwa nao, utakuwa wa kwanza kuambiwa. Nikiwa sina, utaniomba radhi kwa magoti." Nikageuka nikaenda maabara, na kila hatua nilijiuliza ni nani aliyesema maneno yale kwa mdomo wangu.

Deo alinichoma akachukua damu kidogo ya kupima. Kipimo kile hakikuchukua muda mrefu, lakini nilikaa kwenye benchi lile nikazeeka. Ukutani palikuwa na kalenda ya kiwanda cha soda na msichana anayecheka. Niliwaza mama yangu angesikia kwa nani. Niliwaza nani angenivika nguo nikifa, maana wakati ule watu waliogopa hata kuwaosha. Nilisali, halafu nikajikuta nahesabu meno ya yule msichana wa kalenda. Shija alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Sista, kwa kosa langu mimi—" nikamkatisha, "Nyamaza, Shija, nakuomba." Akanyamaza, lakini hakuondoka. Deo alikuwa amenipa mgongo, ameinamia meza. Mabega yake hayakuniambia kitu. Kisha akageuka, akavuta kiti, akachukua mfuko mtupu na mpira wa kufungia.

"Lete mkono," akasema.

Mpaka leo sijawahi kusikia maneno mazuri kuliko hayo, na nimeposwa, nimebatiziwa watoto, na nimeimbiwa harusini. Nilicheka na kulia pamoja, Deo akanisihi nitulie asiukose mshipa.

Nilikunywa chai yenye sukari nyingi, nikavaa gauni la tiata, nikaingia na mizani yangu. Mzee Nusukaputi alinitazama akasema ningepumzika, nikamwambia hakuna mwingine anayeijua. Mfuko wangu ulikuwa umening'inia kwenye stendi, bado una joto la mwili, na wa Deo kando yake, maana naye alikuwa ametoa. Daktari alifungua shingo akaufunga mshipa. Kisha akasema, "Naingia," na damu ikaja.

Sijui niseme nini kuhusu damu ile. Ilikuja kwa vishindo, inajaa gozi kabla gozi haijafika mahali pake. Walinitupia, nikaweka kwenye mizani, nikasoma, nikajumlisha, nikaweka nyingine. "Koku, ngapi?" Nikataja. "Koku?" Nikataja. Sauti yangu ilikuwa inapungua kadiri namba ilivyokuwa inapanda. Mzee alikuwa ameweka vidole kwenye mshipa wa kijana, anasema polepole, "Unapotea... upo... unapotea." Aliukamua mfuko wangu kwa mikono miwili ushuke upesi. Na mimi nikitazama mizani nikawaza, sasa hii ni yangu au yake? Nilichotoa mkononi kilikuwa kinaingia kwa mtoto juu na kunirudia kwenye gozi chini. Nilihisi ninamwagika naye. "Koku! Ngapi?" Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Mzee akanikemea kwa Kisukuma, kitu kama unavyomkemea ng'ombe aliyesimama katikati ya mto, na sauti ikatoka. Nilitaja namba. Daktari akasema, "Ni sasa, au hakuna tena," akavuta. Fundo likatoka zima, gumu, la zambarau, kama firigisi kubwa yenye mkia. Wakashindilia gozi, wakasukuma, wakasubiri. Nilipewa gozi moja nikaipima, halafu nyingine, halafu hawakunipa tena. Nilibaki na mikono imenyooshwa.

"Upo," akasema Mzee Nusukaputi. "Upo. Upo. Upo." Alikuwa analia na bado vidole vyake viko palepale.

Shangazi aliniomba radhi kwa magoti kweli, barazani, mbele ya watu. Nilimwinua haraka maana niliona aibu kuliko yeye. Mama Mabula hakupiga magoti wala hakushukuru. Alinishika kiganja, akakigeuza, akatazama plasta mkononi mwangu, akawaambia ndugu zake wote, "Zamani watu walichanjana chale ndogo kifuani wakawa ndugu. Huyu kamwaga chupa nzima ndani ya mtoto wangu. Kuanzia leo ni mwanangu. Mabula ni mdogo wake." Watu wakaitikia, akina mama wakapiga vigelegele mpaka muuguzi wa zamu akaja kutukemea. Kisha akamgeukia Shija, aliyekuwa amesimama na furushi lake la mapanki, akamwambia bila ukali wowote, "Na wewe ni mjomba wake. Mzaha wa kuposa uishe."

Shija alinitazama. Nami nikamtazama. Ningeweza kusema kwamba damu ya hospitali si chale, kwamba mimi ni Mlutheri na mila hizo hazinihusu. Lakini ndani kule wodini mtoto alikuwa amelala chali kwa mara ya kwanza tangu aanze kubalehe, na nilikuwa nimechoka, na yule mama alikuwa amenishika mkono kama aliyepata kitu kilichopotea. Shija akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Barafu yangu hii imeniponza," akasema taratibu, mimi tu nikasikia. Kisha kwa sauti ya kusikika na wote: "Marahaba, mpwa wangu." Sikuwa nimemwamkia. Ilinibidi nimwamkie.

Tangu siku ile nilimwamkia kila tulipokutana. Alioa, akazaa, nami niliolewa na mtu mwema, sina malalamiko. Harusini kwangu Shija alikaa kwenye kiti cha mjomba, akatoa mbuzi, akanitania kwa adabu ya mjomba. Hakuwahi tena kutaja ndizi.

Kwa hiyo nilikwenda Igoma, kwenye msiba wa Shija, na kanga zangu. Wageni walikaa kwenye viti chini ya turubai, mimi nikapelekwa ndani kwenye mkeka, pamoja na mabinti wa nyumba. Mama Mabula sasa ni kikongwe, macho yamefifia, alinitambua kwa kunishika kiganja. Makaburini mshereheshaji aliita mjane, akaita watoto, akaita, "Wapwa wa marehemu!" Mabula, baba wa watu sasa, mwili mkubwa, alinishika kiwiko tukaenda pamoja. Nilichota udongo nikautupa kama mpwa. Na pale nikashindwa. Kilio kilichonitoka hakikuwa cha mpwa kwa mjomba. Nilijua, na niliogopa watu wasijue, nikajiziba mdomo kwa kanga, nikapiga magoti kandokando ya kaburi.

Mama Mabula alikuja akiongozwa na mjukuu. Akainama kwa shida, akaleta mdomo wake karibu na sikio langu.

"Lia, mwanangu," alisema. "Nilijua tangu siku ile. Nilikuona unavyomtazama. Lakini nilikuwa nimempata tena mtoto aliyekuwa anakufa, nikaogopa, nikataka na wewe uwe wangu usiende kokote. Nisamehe."

Nilimpa mkono, tukashikana, Mabula akatuinua sote wawili.